Daftari la Mvua ni Urithi wa Mkulima

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Lakini mkulima wa Likoni ajua ya kuwa mawingu peke yake hayatoshi. Apandaye mahindi kwa manyunyu ya kwanza, kisha jua likawaka majuma mawili, hupoteza mbegu na nguvu zake. Naye achelewaye hupitwa na masika.

Wazee wetu wa pwani hawakuliacha jambo hili liende ovyo. Walihesabu siku tangu Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, wakazigawa kwa miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 hutimiza siku 360, na siku 5 za mwisho hukamilisha mwaka. Kwa hesabu hiyo baba alimfundisha mwanawe wakati wa kufyeka na wakati wa kupanda.

Hesabu hiyo ni njema, ila ina upungufu mmoja. Haina siku ya ziada ya kila mwaka wa nne. Basi kila miaka 4 Nairuzi hutangulia kwa siku moja, na katika miaka 40 kwa mwongo mzima. Mjukuu akishika mwongo ule ule wa babu yake bila kutazama pepo za kusi na kaskazi, atapanda kabla ya wakati.

Je, elimu ya wazee na ya wataalamu zaweza kukaa pamoja? Naam. Huko Bunyore, magharibi ya Kenya, ukoo wa Nganyi umetazama miti, upepo, ndege na wadudu kwa vizazi vingi, ukiwaarifu majirani habari za mvua. Katika miaka iliyofuata 2008, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa waliketi na wazee hao, kila upande ukaleta utabiri wake, wakapatana neno moja la kuwaambia wakulima.

Nasi twaweza kuanza kwa chombo cha kupimia mvua na daftari. Chombo kiwekwe mahali peupe, mbali na minazi na mapaa. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba ya shamba. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku uliyosahau iachwe tupu. Usibuni hesabu, kwani uongo wa siku moja huharibu kazi ya mwezi.

Tangu ilipoanzishwa idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1929, wakulima, walimu na wamisheni wengi wamefanya kazi hii bila ya mshahara. Twajua ukubwa wa mvua za mwaka 1961 na 1997 kwa sababu walikuwako watu walioamka kuzipima.

Daftari la baba ni kumbukumbu. Likiendelezwa na mwana na mjukuu, huwa elimu. Haba na haba hujaza kibaba.