Msuli wa Mgongo Unavyoziba Kidonda cha Kifua

Kidonda cha kifua kilichokataa kufunga baada ya upasuaji wa moyo, saratani ya titi au ajali si cha kufichwa chini ya leso mwezi baada ya mwezi. Mara nyingi kinaweza kuzibwa kwa msuli wa mgonjwa mwenyewe.

Ukuta wa kifua hukinga moyo na mapafu, na hupanuka kila mtu anapovuta pumzi. Sehemu yake ikikatwa kwa sababu ya uvimbe, au ikiharibiwa na usaha ama mionzi, kushona ngozi juu ya tundu hakutoshi. Ngozi iliyoungua kwa mionzi haipati damu vizuri, na mahali pasipo na damu hapaponi. Hata dawa hufika kwa shida.

Hapo daktari hutafuta msuli wa karibu wenye damu yake. Unaotumika sana ni ule mpana wa mgongo, unaotoka kiunoni hadi kwapani. Huubandua mgongoni lakini haukati mshipa wake mkuu wa damu ulio kwapani, kisha huupitisha chini ya kwapa hadi mbele ukiwa hai. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: hula huku na kule, ila hapiti urefu wa kamba. Daktari Iginio Tansini wa Italia aliutumia msuli huu mwaka 1906 kwa wanawake waliokatwa titi.

Kidonda kikiwa katikati, juu ya mfupa wa kidari, hutumika zaidi msuli wa kifua ulio kando yake. Mbavu kadhaa zikiwa zimeondolewa, huenda kukawekwa kwanza wavu maalumu ili kifua kisibonyee mtu anapopumua.

Msuli wa mgongo ukihamishwa, bega hupungua nguvu kiasi, hasa katika kazi za kujivuta juu. Kufua na kupika wengi hurudia. Mgongoni hubaki kovu, na mrija huachwa siku kadhaa kutoa maji. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha mapema, kwa kuwa hubana mishipa na msuli uliohamishwa unaweza kufa.

Upasuaji huu haufanywi zahanati, lakini safari inaweza kuanzia hapo. Mwenye kidonda aombe barua ya rufaa, abebe karatasi za matibabu ya awali, na ahakikishe amesajiliwa na SHA kupitia *147#. Aulize pia mapema ni gharama zipi zitakazolipiwa, kabla ya kupangiwa tarehe.