Umeme wa Wauzaji Wengi Katika Waya Mmoja

Wenzetu wa Tarime na Serengeti wametuuliza swali ambalo kwa dhahiri yake ni jepesi. Mwezi wa Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaosafirishwa masafa marefu hupotea mwingi njiani. Na katika nyaya zilezile umo umeme wa Bwawa la Nyerere na wa gesi. Basi anayenunua LUKU Tarime mjini au Mugumu, amenunua umeme wa nani?

Fukahaa wamelijadili jambo la mfano huu katika mlango wa shirka. Watu wawili wakichanganya mafuta ya aina moja katika pipa moja hata yasipambanuke, kila mmoja hubaki na haki ya kiasi chake, wala hana haki ya matone yaleyale aliyoyamimina. Umeme ni hivyo hivyo. Mitambo yote ya gridi huenda kwa mapigo mamoja, 50 kwa sekunde, na umeme hugawanyika katika njia zote zilizo wazi, mwingi zaidi katika iliyo nyepesi kwake, hauijui mikataba. Kinachouzwa ni kipimo: mita langoni kwa muuzaji huhesabu alichoingiza, na mita langoni kwa mnunuzi huhesabu alichotoa.

Ila mfano wa pipa una upungufu, nao ni mkubwa. Pipa huweka akiba, nyaya haziweki. Kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka sekunde kwa sekunde, na ndiyo sababu yupo msimamizi mmoja, kituo cha kudhibiti gridi kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, anayeamuru huyu aongeze na yule apunguze. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, pengo huwagusa wote, hata yule ambaye hakununua kwa mwenye mtambo.

Mfano mzuri ni Rusumo, katika mto Kagera: megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa sehemu sawa. Hapana anayedai maji ya upande wake wa mto. Hugawana kipimo.

Kwetu wauzaji hawashindani mlangoni kwa mwananchi, bali mlangoni kwa TANESCO, ambayo hununua na kutuuzia sisi. Songas ya Ubungo iliuza hivyo tangu 2004 hadi mkataba wake ulipokwisha Oktoba 2024. Uingereza ni kinyume: tangu 1999 kila nyumba huchagua muuzaji wake, na waya haubadilishwi hata mmoja, hubadilika jina lililo juu ya ankara.

Hapa ndipo penye mgogoro. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, kwa mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, ulikuwa na malipo ya kuuweka mtambo tayari, uwashwe usiwashwe. Wengi walisema: tunalipia giza! Sisi twaona waliosema hivyo waliharakisha. Aliyepanga nyumba akaifunga, kodi inamlazimu, maadamu nyumba ilikabidhiwa kwake na yafaa kukaliwa. Na gridi haina budi kuwa na mtambo unaongoja, kwa hiyo kuna anayestahiki ujira wa kungoja. Kasoro huwa katika kiasi cha kodi na namna kilivyokadiriwa. Kwa hakika TANESCO ilipolipeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, lililotoa hukumu 2001, moja ya mambo makuu yaliyoshindaniwa lilikuwa gharama ya kujenga mtambo, ambayo ndiyo msingi wa kodi hiyo, na baraza likaipunguza.

Ama ndugu wa Sirari, wanaoziona taa za Isebania ng'ambo ya mpaka na kuuliza kwa nini wasinunue huko kukiwa nafuu: gridi za nchi mbili ziliungana Desemba 2024, lakini kupitia Namanga, kwa njia ya kilovolti 400, mbali nao sana. Nyaya zao huja kutoka Mwanza kupitia Musoma. Sheria ya Umeme ya 2008 iliwafungulia mlango wauzaji binafsi. Mwenye nyumba Sirari bado hajafikiwa na hiari hiyo.