KUSOMA KWA PENSELI

Makada wengi husoma maandishi kama wasikilizavyo redio: yakipita, yamepita. Sisi twasema msomaji ashike penseli. Apige mstari chini ya neno zito, na pembeni aulize: nani atende, kwa idhini ya nani? (Kitabu cha maktaba kisichafuliwe; daftari lipo.)

Wafanyakazi walikwisha kutuonyesha njia. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotoka, waliishika ibara ya 15, inayowakataza viongozi majivuno na uonevu, wakaitaja kwa namba mbele ya mameneja wao. Wakubwa wengine, tukiri, hawakuifurahia namba hiyo.

Leo swali liko kwenye ardhi. Tutazame Kerege, njiani kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ambako jiji linasogea na viwanja vinatafutwa kwa fedha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 8, yaitaka Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano wa Kijiji. Asomaye mbio huiona Halmashauri, akasimama hapo. Mwenye penseli hulizungushia duara neno "idhini", akaandika pembeni: mkutano huo ulifanyika lini? Muhtasari wake u wapi?