Swali na Kimya katika Tamthilia ya Upelelezi ya Australia: Mfano wa Mystery Road: Origin

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya kimya katika Mystery Road: Origin, tamthilia ya televisheni yenye vipindi sita iliyoongozwa na Dylan River na kuonyeshwa na shirika la utangazaji la ABC la Australia mwaka 2022. Mhusika mkuu ni Jay Swan, mpelelezi kijana Mwaborijini, anayeigizwa na Mark Coles Smith. Wakati ni mwaka 1999. Mahali ni Jardine, mji wa kubuni wa machimbo katika nyika za Australia Magharibi, anakoishi baba yake. Hoja inayotetewa ni kwamba kimya cha Jay si pambo la ushujaa, bali ni matumizi ya lugha yenye kaida zake.

2.0 Swali kama Chombo cha Dola

Utanzu wa upelelezi umejengwa juu ya swali: mpelelezi huuliza, shahidi hujibu, na asiyejibu hutiliwa shaka. Kaida hiyo haifuatwi na jamii zote. Mwanaisimu Diana Eades, katika kitabu alichowaandikia wanasheria wa Queensland mwaka 1992, alieleza kuwa kwa Waaborijini wengi wazungumzao Kiingereza, kimya ni sehemu ya kawaida ya mazungumzo: humpa msemaji nafasi ya kufikiri, au huonyesha kuwa hajawa tayari kutoa habari. Aidha, neno "ndiyo" mbele ya mwenye mamlaka huweza kutamkwa bila ya kukubali lililoulizwa. Katika chumba cha mahojiano, basi, kimya husomwa kuwa hatia na "ndiyo" huandikwa kuwa ungamo.

Hatari hiyo si ya kubuni. Tume ya Kifalme iliyoundwa mwaka 1987 ilichunguza vifo 99 vya Waaborijini waliokuwa mikononi mwa polisi na magereza, na mwaka 1991 ikatoa mapendekezo 339. Kisa cha Jardine kimewekwa miaka minane tu baada ya ripoti hiyo.

3.0 Jay Swan kati ya Kaida Mbili

Msomaji wa riwaya za Muhammed Said Abdulla amezoea mpelelezi msemaji: Bwana Msa hufumbua fumbo kwa maelezo, na maelezo hayo humpa heshima. Jay ni mwajiriwa wa dola anayewahoji watu wake mwenyewe, na kila swali lake laweza kumtenga nao. Ndiyo maana hutazama, husubiri, kisha huuliza machache.

Hata hivyo, kimya hakistahili kutukuzwa. Aliyetazama filamu ya Ivan Sen ya mwaka 2013, ambamo Aaron Pedersen anamwigiza Jay mwenye umri mkubwa zaidi, anajua kuwa ndoa ya Jay na Mary itavunjika, na kwamba binti yao atakuwa mbali na baba yake. Kwa mtazamaji huyo, subira inayomfaa kijana huyu kazini inabashiri pengo la nyumbani.

4.0 Hitimisho

Yaliyojadiliwa yanaonyesha kuwa mchambuzi anayeshughulikia maneno ya wahusika peke yake huacha nje sehemu muhimu ya matini. Mfasiri naye akijaza pale ambapo mhusika amenyamaza, atakuwa ametenda kosa lile lile la polisi: kumjibia mtu ambaye bado hajasema.