Henrik Larsson: Fundi wa Mabao, Lakini Ukocha Ulimkalia Ngumu

Kama wewe ni Gooner, hili jina bado linauma. Fainali ya Champions League 2006, Paris: Arsenal wako mbele 1-0, Henrik Larsson anatoka benchi ya Barcelona, anawatengenezea Eto'o na Belletti mabao. 2-1, game over.

Huyo Mswidi alikuwa moto. Pale Celtic alipiga mabao 242 kwa miaka saba, na 2001 akabeba Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya baada ya kupona mguu uliovunjika vibaya.

Sasa cheki ukocha. Alianza na Landskrona 2010, akapitia Falkenberg, kisha akarudi kwao Helsingborg. 2016 kikanuka: timu ilishuka daraja kwa mechi ya mchujo, ingawa mwanawe Jordan alifunga. Wasee waliojifunika nyuso wakaingia uwanjani wakamvua Jordan jezi.

2019 akajaribu tena hapo hapo. Miezi michache tu, matusi ya mashabiki yakamchosha, akajitoa. Baadaye alikuwa msaidizi wa Koeman Barcelona, hadi Koeman akafutwa Oktoba 2021.

Ukiwa straika, mpira ukikufikia unajipanga mwenyewe. Ukiwa kocha, unategemea miguu ya wengine. So staa wako akipewa timu, usishangilie mapema, mazee.