Hodi kwa Umbali wa Futi 6

Hapa Brooklyn Park, Minnesota, majirani hawapigiani hodi ovyo. Anayetaka kuja hupiga simu kwanza, na mimi niliyekulia Mombasa ilinichukua miaka kulizoea jambo hilo. Ndiyo maana naipenda Halloween. Jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wa mtaa mzima, huyu haramia, yule malaika, mwingine kiunzi cha mifupa, hupita nyumba kwa nyumba wakidai peremende, na milango hufunguka.

Mwaka 2020 nilidhani hata mlango huo utafungwa. Chanjo ya korona ilikuwa bado. Kazi yangu ni kutunza wazee, na kufikia Oktoba nilikuwa nimeshaona watu wazima wakiwaaga mama zao kupitia kioo cha dirisha. Binti yangu wa miaka 7 aliponiuliza, "Mama, mwaka huu tutatoka?" nilishindwa kumjibu papo hapo.

Nilisoma mwongozo uliotolewa Septemba na CDC, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa. Kuchonga boga na watu wa nyumbani kwako ilikuwa hatari ndogo. Kubisha mlango hadi mlango na kupokea pipi mkononi, hatari kubwa, sawa na karamu ya ndani yenye watu wengi. Wilaya ya Los Angeles ilitangaza kabisa marufuku ya kupita milangoni, kisha muda si mrefu ikalegeza na kusema tu kwamba haishauri.

Nikajiuliza, hatari hasa iko wapi? Pipi zenyewe hazikunitia hofu sana. Niliogopa kizingiti. Pale ndipo watoto husongamana wakipaza sauti, na mwenye nyumba huinama karibu na nyuso zao kuwauliza wamekuwa nani leo. Virusi vya korona husafiri kwa pumzi, na anayefungua mlango mara 50 jioni moja amebadilishana pumzi na mtaa mzima. Uani upepo huitawanya. Basi tukakihamisha kizingiti.

Wazo tulilipata kwa baba mmoja wa Cincinnati, Ohio, aliyechukua bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa futi 6, yaani karibu mita 2, akalipamba kwa rangi nyeusi na ya machungwa na kulifunga kwenye ngazi za nyumba yake. Pipi huachiwa juu, mtoto huzidaka chini. Mume wangu alinunua bomba la plastiki, tukalibana kwa tepu kwenye reli ya ngazi. Kwa wasiotaka kusubiri foleni nilipanga mifuko midogo ya karatasi kwenye meza karibu na barabara, kila mtoto wake mmoja, na chupa ya kitakasa mikono pembeni. Bomba ndilo lililopendwa. Kuna mtoto aliyerudi mara tatu ili tu asikie chokoleti ikigongagonga ndani.

Ubishi mkubwa wa nyumbani ulikuwa uso wa simba. Binti yangu alikuwa na kinyago cha plastiki chenye matundu ya pua na mdomo, akaamini kinatosha. Hakitoshi, pumzi inapita. Akataka kukivaa juu ya barakoa, na hilo nalo nilikataa, maana mtoto anaweza kushindwa kupumua vizuri. Mwishowe nilishona barakoa ya tabaka mbili kwa kipande cha leso ya manjano, nikachora juu yake pua na sharubu. Kwa manyoya ya shingoni tulitumia uzi wa sufu.

Tulitoka sisi wa nyumba moja tu, kabla giza halijaingia vizuri, tukapita mtaa wetu peke yake. Peremende hazikuguswa mpaka mikono ilipooshwa kwa sabuni.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa bibi jirani, aliyepita miaka 80 na anayeishi peke yake. Alikuwa ameketi nyuma ya dirisha lake, taa zote zimewashwa. Mwezi mpevu ulikuwa umeshachomoza. Mwanangu akasimama kwenye majani, akanguruma, kisha akaita kwa nguvu, "Hodi!" Bibi hajui Kiswahili. Aliinua mkono, akagonga kioo mara tatu.