Mzunguko wa Irente na hesabu ya usiku mmoja

Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha husimama Mombo kwa dakika chache. Wachuuzi wanakimbilia madirishani na matunda, chenji inarudishwa gari likiwa limeshaanza kutembea, na safari inaendelea. Juu ya kituo, ukuta wa Usambara Magharibi umesimama wima, lakini abiria wengi hawashuki. Kwa Lushoto, mji ulio kilomita 33 za kona kutoka hapo, ugumu wote wa biashara ya utalii uko katika kituo hicho: pesa zinapita chini.

Jambo hilo lina umri mrefu. Katika karne ya 19 Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, aliuacha mji mkuu wa Vuga mlimani na heshima yake akaweka makao Mazinde, tambarare, kwa sababu misafara ilikuwa ikipita bonde la Pangani. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 nayo ikabaki huko huko chini. Wakubwa wa Kijerumani walipanda Lushoto, wakauita mji Wilhelmstal, kwa ajili ya baridi yake. Mizigo haikuwafuata.

Leo kinachompandisha mgeni ni miguu yake mwenyewe. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na matembezi yanayouzwa kuliko yote ni mzunguko wa Irente: unatoka mjini, unapita mashambani na kijiji cha Yoghoi, unafika ukingoni, unarudi kwa njia nyingine. Si safari ya kamba na oksijeni. Mtu mwenye afya ya kawaida na raba zenye meno anaimaliza kwa nusu siku. Mwisho wa kupanda ardhi inakatika ghafla. Karibu mita 1,000 chini kuna Mazinde, mistari ya mkonge, barabara kuu yenye malori madogo kama punje, kisha nyika ya Wamasai hadi macho yachoke.

Mandhari hayo hayana mita ya kupimia wala bomba la kufunga. Anayesimama ukingoni dakika kumi akapiga picha na kuondoka hajaacha chochote cha maana. Kinacholipa ni saa zinazozunguka zile dakika kumi: ujira wa mwongozaji, chakula cha mchana, bodaboda ya kurudia kwa aliyechoka, na zaidi ya vyote, kitanda. Katika shamba la Irente, mali ya kanisa la Kilutheri, mgeni hupewa mkate wa rai, jibini, jemu na mboga zilizotoka hapo hapo. Ukikihesabu chakula hicho kwa jicho la mfanyabiashara, utaona kwamba karibu kila kitu mezani hakikupandishwa mlimani kwa lori la Fuso. Hoteli ngapi za mbugani zinaweza kusema hivyo?

Ndiyo maana mpangilio wa saa una uzito kuliko matangazo. Waongozaji wengi humtoa mgeni asubuhi, wakamrudisha mchana, naye jioni anawaza kuteremka Mombo. Lakini ukingo wa Irente unatazama machweo. Ukimtoa mgeni mjini saa 8 mchana, akala shambani saa 9 na nusu, atakuwa kwenye mwamba saa 11, na jua linazama mbele yake baada ya saa 12. Mabasi ya masafa marefu huondoka Lushoto alfajiri na asubuhi, kwa hiyo huyo analala. Akilala atakula chakula cha usiku, na asubuhi yake ataulizia msitu wa Magamba. Mzunguko ule ule na kilomita zile zile, ila mji umepata usiku mmoja. Gharama yake ni tochi mbili na bodaboda iliyoagizwa mapema, maana kurudi gizani kwa miguu si jambo la kumfanyia mtu aliyelipa.

Magamba ni hesabu nyingine. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina kiingilio, na malipo ya serikali yana kumbukumbu namba yake. Mwongozaji mzoefu huikamilisha kazi hiyo jioni ya kuamkia safari, mjini. Asiye mzoefu humweka mgeni getini akitafuta mtandao.

Ukilinganisha na Kilimanjaro, fedha za Lushoto ni ndogo. Kule mgeni mmoja hupanda na timu nzima, wapishi na wapagazi wanaojiita wagumu, na ada za hifadhi peke yake ni mzigo. Huku ni mgeni, mwongozaji na chupa ya maji. Hata hivyo mikono ya kati ni michache, na mpango wa utalii wa kitamaduni uliosaidiwa na SNV, shirika la maendeleo la Waholanzi, miaka ya 1990 ulilenga hilo hasa: kijiji kipate fungu lake. Anayeuharibu ni kishoka wa stendi. Hana leseni wala kitambulisho, anakata bei nusu, na hajui njia ya kurudi zaidi ya ile aliyojia.

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2. Lakini kwa Lushoto mimi ningewatazama zaidi vijana wa Dar wanaokodi basi dogo la Costa wikiendi. Wanakuja wengi kwa mara moja, hawahitaji viza, wananunua pichesi na karoti za kupeleka nyumbani, na wakipenda wanarudi. Kasoro yao kibiashara ni kwamba wengi hufika na mpishi wao na masufuria yao.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hesabu zote hizi husimama. Udongo mwekundu unateleza, mawe huanguka barabara ya Mombo, na ukungu unaweza kukaa ukingoni kutwa nzima. Mgeni aliyelipia bonde akaona weupe mtupu hudai pesa zake, na kwa kawaida makubaliano ya stendi hayakusema lolote juu ya ukungu. Wanaoandika sharti hilo mapema, kwamba bonde likijificha mgeni atapelekwa tena kesho yake bila kulipa mwongozaji, hawapati hasara: naye analala usiku wa pili.